Mtoto Asiyepatana na Mafuta

Akina mama wengi tumefundishwa kliniki kwamba mtoto akikonda, dawa yake iko jikoni: uji utiwe karanga zilizosagwa, mboga ziungwe kwa mafuta, maziwa yasienguliwe malai. Ni mafundisho mazuri, nayo yameokoa watoto wengi. Lakini wako watoto wachache sana ambao kila kijiko cha mafuta tunachowaongezea kwa upendo huwazidishia kuharisha, nao huzidi kukonda mbele ya macho yetu. Mwezi huu tumeona vyema tuwazungumzie watoto hao. Ugonjwa wao ni adimu, na kwa sababu hiyo hiyo mama unayemfikia huwa peke yake kabisa. Hana jirani wa kumuuliza wala shangazi aliyewahi kuuona.

Jina lake linachosha ulimi: abetalipoproteinemia. Hukadiriwa kwamba humpata mtu pungufu ya mmoja katika kila watu milioni moja, hata muuguzi anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana nao. Jina ni gumu, ila jambo lenyewe linaelezeka.

Mavuno yasiyo na magunia

Tunapokula mafuta, nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho huyavunjavunja tumboni mpaka yawe madogo kiasi cha kuweza kuingia katika ukuta wa utumbo. Humo ukutani mafuta hufungwa upya katika vifurushi vidogo sana vyenye ganda la protini, na vifurushi hivyo ndivyo vinavyosafiri hadi kwenye damu. Mtoto mwenye ugonjwa huu huyavunja mafuta vizuri, nayo huingia ukutani vizuri. Anachokosa ni ile protini inayoyafunga. Ni sawa na mkulima aliyevuna mahindi mengi akakosa magunia. Mavuno yamelundikana shambani na nyumbani kuna njaa. Daktari akipitisha kamera ndogo kuangalia utumbo, huona ukuta umekuwa mweupe kwa mafuta yaliyokwama.

Ukuta ukishajaa, mafuta mapya hayana pa kuingia. Yanapita tu. Ndiyo maana choo cha mtoto huwa kingi, chenye rangi ya kupauka, cha kuteleza kwa mafuta na chenye harufu kali kuliko ya kawaida. Pengine huelea juu ya maji. Tumbo huvimba, mtoto hutapika, hakui.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana chooni. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta, kama abiria wanaotegemea lori la mizigo. Lori lisipoondoka, nao hubaki. Tunaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Waliouandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni madaktari wawili wa New York, Marekani, Frank Bassen na Abraham Kornzweig, mwaka 1950. Mgonjwa wao alikuwa msichana wa miaka 18 ambaye macho yake yalikuwa yakiharibika na mwendo wake haukuwa imara. Walipotazama damu yake kwa darubini waliona kwamba chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo kama sahani, zilikuwa zimeota miba. Wazazi wake walikuwa mtu na binamu yake. Ilipita miaka 42 kabla chanzo hakijajulikana: mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba ile protini ya kufungia mafuta haipo katika utumbo wa wagonjwa, na mwaka uliofuata ikaonekana kwamba kasoro iko katika chembe ya urithi.

Lawama hutangulia vipimo

Mtoto huyu huzaliwa na uzito mzuri. Shida huanza katika miezi ya mwanzo, akiwa bado ananyonya, kwa kuwa maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha: karibu nusu ya nguvu anayoipata mtoto mchanga kutoka kwenye ziwa hutokana na mafuta. Kwa watoto wengine wote hiyo ni baraka. Kwa huyu ni mzigo.

Basi fikiria hali ya mama yake. Mtoto ananyonya na kuharisha, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unalala, kisha unateremka. Hapo maneno huanza. Wengine watasema mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamerudiana kitandani kabla hajaacha ziwa, au mama ametoka nje ya ndoa. Wengine watasema maziwa yake ni mabaya. Mawifi watamkumbuka mtoto fulani wa ukoo wa mama aliyefariki angali mdogo. Sisi hatuoni haya kusema wazi: hakuna hata moja katika hayo linaloleta ugonjwa huu, na mume anayenyamaza wakati mkewe anasimangwa kwa jambo hili anamwachia mzigo ulio wao wote wawili.

Wao wawili, kweli. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila chembe ya urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haugui, na damu yake ikipimwa mafuta huonekana ya kawaida, hivyo hana njia ya kujijua kwa vipimo vya kila siku. Mtoto huugua pale tu anapopokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Kila mimba, tunasisitiza. Si kwamba akishaugua mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Mume na mke wakiwa watoto wa ndugu, uwezekano wa wote wawili kuwa wamerithi nakala ile ile mbovu kutoka kwa babu au bibi mmoja huwa mkubwa zaidi, nalo ni jambo la kumwambia daktari bila aibu.

Hatari ya pili iko hospitalini. Mtoto aliyekonda huandikwa utapiamlo, na ni haki, maana anao. Lakini chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga, ambacho hutolewa kwa utapiamlo mkali, hupata karibu nusu ya nguvu yake au zaidi kutokana na mafuta. Watoto wengi hufufuka nacho. Huyu wetu huharisha zaidi, na mama huulizwa kama chakula anakila yeye nyumbani.

Tusimtie hofu kila mama ambaye mtoto wake anaharisha. Choo chenye mafuta kina sababu nyingi, na zilizo nyingi ni za kawaida kuliko hii, kwa mfano vijidudu vya giardia ambavyo hupatikana katika maji machafu na vina dawa yake. Ila mtoto akiwa ametibiwa hayo yote, choo kikabaki vile vile, na hali ikawa mbaya zaidi kila anapoongezewa mafuta, mama ana haki ya kuomba vipimo viwili ambavyo si vya ajabu. Kimoja ni damu kupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini, kama tunavyopimwa malaria, ili kuona kama chembe nyekundu zina miba. Cha pili ni kupima mafuta ya damu. Mtoto mwenye ugonjwa huu huwa na kolesteroli ya chini sana kupita kiasi. Siku hizi, ambapo kila mtu anaogopa kolesteroli kuwa juu, majibu ya namna hiyo huweza kupokelewa kwa furaha yakafungiwa kwenye faili. Hayapaswi.

Kama bado ananyonya, tafadhali asiachishwe ziwa kwa sababu ya kusoma makala. Uamuzi huo hufanywa na daktari, naye huwa na maziwa maalumu yenye mafuta kidogo ya kumpa badala yake. Maziwa ya kawaida yaliyoondolewa mafuta, yale ya dukani, si chakula cha mtoto mchanga.

Chungu kimoja, macho mawili

Daktari akishathibitisha, tiba ya tumbo inakuja jikoni. Kwa kawaida wataalamu hutaka mafuta yatoe kati ya asilimia 10 na 20 tu ya nguvu yote ya chakula cha siku. Tuiweke hesabu hiyo katika vijiko. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi huhitaji kama kalori 1,000 kwa siku. Asilimia 10 hadi 20 ya hizo ni gramu 11 hadi 22 za mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu zipatazo 14. Kwa hiyo kijiko kimoja tu tunachomimina sufuriani bila kufikiri kinaweza kumaliza fungu lake la siku nzima, na bado hatujahesabu mafuta yaliyojificha ndani ya vyakula.

Na yanajificha kweli. Karanga karibu nusu yake ni mafuta. Soya ni kama sehemu moja ya tano, hivyo uji wa lishe unaouzwa ukiwa umechanganywa soya na karanga haumfai, hata kama pakiti ina picha ya mtoto mnene. Parachichi, korosho, ufuta, tui la nazi, kiini cha yai, ngozi ya kuku, samaki wanono: vyote vinakaa mbali na sahani yake, au vinaingia kwa kipimo alichotoa mtaalamu wa lishe. Mandazi, sambusa na chapati za kusukumwa kwa mafuta hatuna haja ya kuzitaja.

Kuhusu nazi tuongeze neno, kwa ajili ya wenzetu wa pwani. Watasikia kwamba kuna mafuta ya namna nyingine ambayo hupita moja kwa moja kwenye damu bila kuhitaji vile vifurushi, na kwamba nazi inayo. Ni kweli yapo, na nazi ina sehemu yake. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya nazi haiendi njia hiyo, na hata yale yaliyotengenezwa viwandani madaktari huyaogopa katika ugonjwa huu kwa sababu wako wagonjwa walioyatumia wakaonekana na makovu kwenye ini. Wali wa nazi basi uwe wa wengine.

Kinachobaki si kidogo. Wali mweupe, ugali, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, magimbi, ndizi za kupika na za kuiva, mkate mkavu, maharage, kunde, choroko, dengu, mboga za majani, matunda karibu yote, ute wa yai, kuku wa kidari asiye na ngozi, samaki mweupe kama sato wa kuchemsha au kuchoma, maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa mtoto aliyevuka umri wa uchanga. Hapa tunacheka kidogo: miaka yote tumehimizwa kuacha sembe tule dona, na kwa familia ni ushauri wa kufuata. Lakini mafuta ya mahindi yako kwenye kiini cha punje, ambacho kinu cha kukoboa hukiondoa. Kwa mtoto huyu peke yake, sembe ndiyo yenye mafuta kidogo.

Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuenguliwa malai kwa kijiko bado yana mafuta mengi ndani, yasitumainiwe. Supu ya nyama ina njia yake: ichemshwe leo, iachwe ipoe usiku kucha mahali pa baridi, asubuhi mafuta yawe yameganda juu, yaondolewe yote kama kifuniko, ndipo ipashwe moto. Kitunguu kinaweza kulainishwa kwa maji kidogo badala ya kukaangwa; kiachwe mpaka maji yakauke na kianze kushika chini, kiongezwe maji tena kidogo, nacho hupata rangi na utamu. Nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, bizari na giligilani havina ugomvi na mtoto huyu. Mama anayepika hivi kwa nyumba nzima na kuwaongezea wengine mafuta mezani hujiokoa na kazi ya kupika vyungu viwili.

Shida yake ni njaa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Ukiyaondoa mafuta, sahani ile ile imepungua nguvu, kwa hiyo mtoto ale mara nyingi, mara tano au sita kwa siku, uji uwe mzito wenye sukari na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, na asiende kulala bila kula.

Pia yasiondolewe yote. Kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na mtoto akiyakosa kabisa ngozi na ukuaji huathirika. Kwa ajili hiyo hupewa kipimo kidogo cha mafuta ya mimea, kama ya alizeti au soya, kisichozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kadiri tumbo linavyostahimili.

Kazi kubwa kuliko ya chungu ni ya watu. Bibi anamwona mjukuu amekonda, anamtilia samli kwa siri. Jirani anampa kipande cha andazi. Shuleni wenzake wanagawana karanga. Asubuhi inayofuata tumbo linasema yote. Tunashauri bibi asikatazwe kwa ukali, bali afundishwe na kupewa kazi yake: yeye ndiye awe mwenye kuchemsha viazi, yeye ndiye ahesabu dawa. Mtoto naye huelewa mapema kuliko tunavyodhani, maana anayeumwa tumbo ni yeye.

Tumbo limepona, dawa iendelee

Tumefika pale tulipomwomba msomaji ashike neno. Baada ya wiki chache za chakula hiki choo hushika, tumbo hulala, uzito hupanda. Nyumba hufurahi. Na katika furaha hiyo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu mzazi huona mtoto amepona, na zile dawa za vitamini, ambazo ni ghali na hazionekani kufanya chochote, huanza kusahaulika.

Chakula kimetuliza tumbo tu. Abiria wa lori bado hawajasafiri. Vitamini E ndiyo hulinda mishipa ya fahamu na pazia la nyuma ya jicho, na mtoto anayeikosa haugui leo wala kesho. Huchukua miaka. Kwanza daktari akimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu haurushi teke. Baadaye anaanza kujikwaa gizani na kupapasa ukuta jioni. Akiingia ujana hutembea akipepesuka, mikono inatetemeka, usemi unakuwa mzito. Zamani wengi hawakuvuka miaka 30 na kitu. Mishipa ikishaharibika hairudi ilivyokuwa. Dawa huzuia tu isizidi.

Wagonjwa hawa wanadaiwa shukrani na London. Miaka ya 1960 madaktari wa watoto wa huko, June Lloyd na wenzake, walianza kuwapa watoto hawa vitamini E kwa vipimo vikubwa sana, na mwaka 1977 yeye na David Muller pamoja na mwenzao walichapisha taarifa ya miaka ile yote: walioanza mapema walikuwa wamekua bila ya ule ulemavu. Ugonjwa haukutoka. Ulichukuliwa silaha yake.

Vipimo vyenyewe humshangaza mfamasia. Mtoto mwenye afya wa miaka miwili huhitaji kama yuniti 9 za vitamini E kwa siku. Huyu huandikiwa yuniti 100 hadi 300 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 10 hutumia basi yuniti 1,000 hadi 3,000 kila siku, wakati kidonge cha dukani mara nyingi kina 400. Kiasi kikubwa namna hiyo ni kwa sababu mlango mkubwa umefungwa na tunasukuma kupitia ufa. Tena ini lenyewe hutumia magunia ya aina ile ile kusambaza vitamini E mwilini. Hata hivyo vipimo vya damu huendelea kuonyesha kiwango cha chini, na mama asidhani dawa haifanyi kazi. Wala mtu asimpe mtoto wake mwenye afya dozi hizi.

Vitamini A hupewa pia kwa ajili ya macho, D kwa ajili ya mifupa, K ili damu igande anapojikata. A inahitaji uangalizi kuliko zote, kwa kuwa ikizidi huwa sumu kwa ini, hivyo hupimwa katika damu. Macho na mishipa ya fahamu huchunguzwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, maisha yote, hata kama kijana anasema haoni tatizo lolote.

Wazazi wanaoweza wawe na daftari moja: uzito wa kila mwezi, dozi za siku, tarehe za macho na damu, na mwaka wa kila badiliko la dawa. Daktari atahamishwa, hospitali itabadilika, faili litapotea. Daftari la mama halihamishwi.

Na kama mtoto ni wa kike, daftari hilo aende nalo kwake atakapoolewa. Wanawake wenye ugonjwa huu waliotunzwa vizuri wamebeba mimba na kujifungua. Lakini vitamini A nyingi mwanzoni mwa mimba huweza kumharibu mtoto aliye tumboni, kwa hiyo dozi hiyo hupunguzwa na kupimwa kwa karibu, wakati E inaendelea. Amweleze daktari anapopanga kuzaa, kabla mimba haijaingia. Mumewe naye, hasa kama ni wa ukoo mmoja na yeye, apimwe chembe za urithi pale kipimo hicho kinapopatikana.